Sitara

Kwa Lucius Tarpley, kituo cha kwanza, Erie, Pennsylvania

Magazeti yamehesabu mipira uliyoivusha uzio:
mia tatu na kumi na miwili,
pamoja na ule uliopasua kioo cha lori la maziwa,
dereva akashuka akiporomosha matusi,
mpaka alipoambiwa ni nani aliyepiga.
Akanyamaza. Akaupangusa mpira kwa shati,
akauweka kwenye kiti cha mbele
kama abiria aliyelipa nauli.

Mimi sina hesabu hiyo. Nina yangu.

Miaka saba nilisimama kituo cha tatu
na mkono wenye nguvu za ng'ombe
na akili za ng'ombe huyohuyo.
Mpira ukinitoka, hata mimi sikujua unakwenda kwa nani.
Wewe ulijua.
Ulijinyoosha, ncha ya kiatu imegusa kituo,
kama mtu anayechungulia kisima
huku mguu mmoja umeng'ang'ania ukingo,
glavu imelala vumbini,
na ile aibu yangu, inadunda, inayumba,
ikaingia ndani ya ngozi kimya
kama mtoto aliyechelewa kurudi
akapenyezwa na dada yake mlango wa uani.

Watu wakanishangilia mimi!
Nikavua kofia, nikaipunga. Mjinga.

Aprili moja, theluji ingali imerundikana nyuma ya majukwaa,
upepo wa ziwani unakata masikio,
nilirusha mpira ukagonga udongo mara mbili,
jua likiwa usoni pako.
Uliudaka.
Ndani ya basi nikakuuliza, uliuonaje ule?
Ukasema, "Sikuuona, Kaz. Nakujua wewe."
Ukarudi kula karanga zako.

Uliitwa juu mara moja, kwenye ligi kubwa,
siku kumi na moja.
Ulipiga miwili iliyopaa, hukuangusha hata mmoja,
wakakurudisha kwetu na barua ya mistari mitatu.
Ulininyoshea nisome. Nikasoma. Nikakurudishia.
Siku hiyo mazoezini ulipiga mipira
mpaka mrushaji akaomba maji.

Na sasa niseme hili, maana sote ni wazee
na yule mwandika alama keshakufa.
Kiangazi kile tulichoshuka Virginia,
mwenye hoteli alitupa funguo sisi,
wewe akakuonyesha barabara.
Ulilala kwa fundi viatu, ng'ambo ya reli,
kwenye godoro la mwanawe.
Mimi nilikula kuku. Nilikula na mapaja yote mawili.
Mezani hakuna aliyesema neno,
na kati ya hao wasiosema nilikuwamo mimi,
mwenye mdomo wa kumtukana mwamuzi kila jioni.

Kesho yake nilirusha vibaya mara nne.
Mara nne ukainama.
Kitabuni wakaandika: Wojtas, makosa, hakuna.

Nimelibeba hilo hakuna kwa miaka hamsini na kitu.
Ni zito kuliko gongo lililolowa mvua.

Juzi nimekuja kwako, ghorofa ya pili, barabara ya kuelekea bandarini.
Vidole vyako vimepinda huku na huku
kama funguo za nyumba zilizobomolewa.
Hiki, ukasema, Julai. Hiki, ni wewe.
Hiki, ni wewe tena.
Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu ngazini,
nikafungua kinywa, nikakuta yametawanyika.
Nikachukua chungwa kwenye bakuli,
nikakurushia,
likaenda kombo, chini, upande wa jiko,
kama kawaida yangu.

Hukuinuka kitini.
Mkono wa kushoto ulishuka wenyewe,
ukalizoa sentimita mbili juu ya sakafu.

Ukanitazama kidogo.
Kisha ukaanza kulimenya.